Kupe wa Mbuzi wa Harusi

Bi Rukia alipofariki mwaka jana, binti zake walinipigia simu kabla hata ya kuwapigia jamaa zao wa Malindi, wakanitaka niende nisaidie kumwosha. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, na mjukuu wangu akaniuliza kama nimegombana na mtu. Mwisho nilikwenda. Wanawake wanaoosha maiti wana ada moja ambayo hakuna asiyeijua: ulichokiona juu ya kitanda kile unakiacha pale pale, kiwe kovu, kiwe kilema, kiwe chochote. Nikamimina maji, nikamsugua miguu iliyokwisha kukonda, nikasaidia kumvisha sanda, na nilichokiona nakijua mimi. Lakini nikirudi nyumbani nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ikanitia aibu, maana mtu mzima hamkasirikii maiti. Nilikasirika kwa sababu mwili wangu mimi aliuona nikiwa hai, na hakuuacha pale pale.

Mwaka ninaousema, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nimewekwa ndani. Aliyeniposa ni Nassor, karani wa ghala kule Mbaraki, kijana mpole mwenye mwendo wa haraka, ambaye nilikuwa nimemwona vizuri mara chache tu na kila mara nikampenda zaidi. Nasema hivyo bila kuzungusha, kwa kuwa wanawake wa umri wangu hupenda kujifanya ati waliozwa tu, hawakuulizwa. Mimi nilimtaka. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu pale Mombasa, na chumba nilichowekwa kilikuwa cha chini, chenye mlango mmoja wa ukumbini na mwingine wa uani. Mwari akiwekwa ndani hatoki na haonekani. Hulishwa, husingwa, hufukizwa udi, hungoja. Chokaa ya ukutani ilibanduka ukiegemea, na kwa joto la mwezi ule nililala chini kwenye mkeka, mlango wa uani ukiwa wazi nipate upepo. Uani ndiko walikofungwa mbuzi wa karamu. Watu wa kina Nassor walikuwa wamewanunua huko Kwale na kutuletea mapema, kwa kuwa nyumba yao ya Kibokoni haina uani. Mama aliwapokea kwa vigelegele, kisha akanung'unika siku zote zilizofuata juu ya harufu.

Kwa kweli mbuzi wale ndio waliokuwa wenzangu. Mtu hajui uchovu wa kutofanya kitu mpaka awekwe ndani. Nilikula mahamri na mbaazi asubuhi, uji wa mtama mchana, samaki wa kupaka jioni, na kila aliyeniletea sahani alinitazama mashavu kama anayekagua duka. Wakiondoka nilijilaza kizingitini nikawalisha mbuzi maganda ya ndizi. Mmoja, jike mwekundu mwenye sikio lililochanika, alizoea kuniwekea kichwa mapajani na kulala, nami nikamkuna shingo huku nikiongea naye habari za Nassor, maana hapakuwa na mwingine ambaye ningeweza kumwambia bila kuitwa sina haya. Mgeni pekee wa rika langu alikuwa Salma, mdogo wake Nassor, aliyekuwa na miaka kumi na sita na mdomo usiofungika. Alikuja na kikapu cha vitu kutoka kwa mama yake, akanipa salamu alizotumwa, kisha akanipa na zile ambazo hakutumwa. "Kaka Nassor auliza kama wapenda redio au kaseti," aliniambia siku moja, na kwa swali hilo tu sikulala.

Homa ilinianza kwa kichwa. Kilinigonga nyuma ya macho, baridi ikaniingia mifupani, na usiku nikatetemeka mpaka Mama akanifunika leso juu ya leso. Tulimwita daktari wa kawaida wa mtaani, mzee mpole ambaye alitutibu sote, akakaa ukumbini na mimi nikatolewa nimejitanda gubigubi. Akaniangalia ulimi na macho, akasema malaria. Kipimo cha damu hakikuonyesha kitu, lakini akasema mara nyingi hujificha. Nikanywa klorokwini nikajikuna mwili mzima. Homa ikashuka, ikapanda. Nikadungwa sindano za kwinini mpaka masikio yakalia. Ikashuka, ikapanda. Akasema basi ni homa ya matumbo, akabadilisha dawa. Wakati wote ule, huku chini kwenye kinena, upande wa kushoto, palikuwa na kipele ambacho nilikihisi kwa kidole nikioga. Kwanza kiliwasha. Kisha kikafanya kigaga cheusi kama kilichochomwa na sigara, hakikuuma, na kando yake pakavimba mtoki uliokuwa unauma nikitembea. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha jambo. Nilidhani ni jipu la jasho. Na hata kama ningetaka kusema, ningemwambia nani? Yule daktari mzee aliyekuwa akimwita baba yangu kaka, amekaa ukumbini kwetu na kikombe cha kahawa? Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha namna ya kutamka neno lile mbele ya mwanamume, nami sikuwa na nia ya kuwa wa kwanza.

Huku homa ikienda na kurudi, mdomo wa mtaa ulikuwa haupoi. Dirisha langu liliangalia kichochoro, na chini yake palikuwa na baraza ambapo wanawake walikaa alasiri kupepetana maneno. Kwanza walinihurumia. Bi arusi maskini, jicho la watu. Kisha mmoja, sauti yake naijua hata leo, akasema homa ya kuchukua muda hivyo si malaria, kwamba huko alikokuwa akiishi shemeji yake, kijana mmoja alianza hivyo hivyo, akakonda, na hakuna aliyesema ni nini ila wote walijua. Miaka ile ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Ulisemwa kwa kushusha sauti, au kwa kuinua kidevu, au kwa kusema tu "haya ya siku hizi". Niliposikia nilicheka peke yangu chumbani, kwa kuwa nilijijua. Sikujua bado kwamba kujijua hakusaidii chochote.

Siku homa ilipotulia kidogo, Mama aliona wakati unakwenda akamwita Bi Rukia. Yeye ndiye aliyekuwa somo yangu. Kwetu msichana hupewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunza mambo ya nyumba na ya ndoa, kumsinga, kumnyoa, na kumpeleka kwa mumewe. Na ni yeye ambaye upande wa mume humtegemea kuwaambia kwamba bi arusi wao ni mzima na hajaguswa. Bi Rukia alikuwa amewapeleka wasichana nusu ya mtaa. Alikuja na bakuli la liwa ya kusugulia mwili, uvumba, asali na majivu, akafunga milango yote miwili, akaimba polepole huku akinisugua mgongo, na mimi kwa udhaifu wa homa nilitaka kulia kwa raha ya mikono yake. Alinisugua mikono, tumbo, magoti. Kisha akafunua leso ya kiunoni ili aninyoe, na wimbo ukakatika.

Nilifungua macho nikamwona ameinama, mkono wake umesimama hewani na liwa ikidondoka. Akagusa mtoki kwa ncha ya kidole, nikaruka.

"Hiki una nacho tangu lini?"

"Sijui, somo. Ni jipu."

"Jipu," akasema. Akarudisha leso mahali pake taratibu sana, akanifunika vizuri kama mtoto, akanawa mikono. Akanawa tena. "Pumzika, mwanangu."

Nimelifikiria hilo la kunawa mara ya pili kwa miaka mingi kuliko jambo lolote alilolisema. Sasa nina umri mkubwa kuliko wake siku ile, na naweza kumwona alivyokuwa: mwanamke aliyekuwa amempa mama yake Nassor neno lake juu yangu, ambaye jina lake lote lilikuwa ni hilo neno, na aliyeona kwa macho yake kidonda cheusi mahali pale pamoja na mtoki, alama ambazo makungwi wenzake walimfunza zamani kwamba ni za mwanamke aliyeambukizwa na mwanamume. Alikosea kwa kufuata alichofunzwa. Angalau angekuja kwa Mama kwanza. Alitoka kwetu akaenda moja kwa moja Kibokoni.

Salma hakuja tena. Badala yake ukaja ujumbe kwamba arusi isogezwe mbele kidogo, mpaka bi arusi apone sawasawa. Mama alikuwa mwanamke wa kutotetereka, lakini jioni hiyo alikuja chumbani kwangu na taa, akafunga mlango, akaniambia nijifunue. Nilijifunua. Alitazama, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua. Mbuzi walikuwa wanatafuna uani, nakumbuka, na mahali fulani redio ilikuwa inasoma habari.

"Nambia ni nani," akasema.

"Nani nini, Mama?"

"Sitakupiga. Sitamwambia ami yako. Nambia tu ni nani."

Nikamwapia. Niliapa kwa Mungu, kwa marehemu baba, kwa msahafu, na kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniua. Ya baraza niliweza kuyavumilia. Lakini huyu ndiye aliyenizaa, aliyejua hata saa ninayoamka, na alikuwa hanijui. Usiku ule niliona haya kwa kitu ambacho sikukifanya, haya ya kweli kabisa, ya kutaka kujificha, hata nikaanza kujipekua moyoni labda kweli kuna jambo nilifanya nikasahau. Watu husema asiye na hatia haoni aibu. Waliosema hivyo hawajapata kufunuliwa.

Kwa heshima ya Mama niseme hili: hakunificha wala hakunitupa. Alinivika buibui na barakoa, tukapita vichochoro vya nyuma, akanipeleka Mwembe Tayari kwa daktari wa kike, mtu wa bara, ambaye chumba chake kilikuwa juu ya duka la mafuta ya taa na vyungu. Alichagua huko kwa sababu hapakuwa na mtu wa kwetu atakayetuona. Chini makondakta wa mabasi ya bara walikuwa wanapiga kelele, na Mama akalazimika kuinua sauti kusema lile ambalo alitaka kulisema chini. "Mpime," akasema. "Mpime na ule mwingine. Nataka kujua."

Daktari alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, asiye na haraka. Alimwambia atanipima vyote, lakini kwanza alitaka kuniona. Akanilaza, akafunua, akainamisha taa. Nilifumba macho nikasubiri aache kuimba, ingawa hakuwa anaimba.

"Mama," akasema, "nyumbani mnafuga mbwa?"

"Mbwa!" Mama aliruka kwenye kiti. "Nyumba ya Waislamu hii, daktari."

"Ng'ombe? Mbuzi?"

Hapo Mama akasema wapo mbuzi, wa arusi, wamefungwa tu hapo uani.

"Na huyu analala wapi?"

Nilijibu mwenyewe, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikamwambia mkeka, mlango, yule jike mwekundu aliyelala mapajani mwangu. Daktari akatabasamu, akamwita Mama asogee, akamwonyesha kile kigaga. Alisema kupe wachanga ni wadogo kama mbegu za ufuta. Hupanda mwilini wakatafuta mahali penye joto na unyevu, kinena au kwapa, huuma bila maumivu na kuanguka bila kuonekana. Walipouma hubaki alama nyeusi kama ile. Kupe hao hubeba vijidudu viitwavyo riketsia, navyo huleta homa, kichwa na mitoki, na havionekani kwenye kipimo cha malaria. Alisema ameona wengi wa aina hiyo huko alikofanya kazi kwa wafugaji. "Wanapewa dawa za malaria," akasema. "Wasipopona wanapewa za matumbo. Wasipopona wanaanza kusemwa." Akatupa vidonge vya doksisiklini. Keshokutwa yake niliamka bila kichwa, nikala mkate wote wa mofa peke yangu, na majibu ya ule mwingine yalipotoka yalikuwa safi. Mama alinibusu mkono, mama kumbusu mwanawe mkono, na mimi sikujua niuweke wapi uso wangu.

Sasa lililobaki lilikuwa kuwaambia watu wa kina Nassor, na Mama aliliona jepesi. Walikuja alasiri ya Ijumaa: Bi Maimuna, mama yake Nassor, na mumewe, kwetu akawepo Mama pamoja na ami yangu. Mimi nilikaa nyuma ya pazia la chumba changu. Niliwasikia wakiulizana hali kwa urefu, wakishukuru, wakirudia kushukuru, vikombe vya kahawa vikipita na sahani ya kaimati. Kisha Mama akaeleza. Alieleza vizuri sana, mbuzi, mkeka, kupe, daktari, vidonge, na ami akatia neno kwamba hata yeye amewahi kusikia habari za kupe kwa Wamijikenda wenye mifugo. Mzee wa kina Nassor akasema alhamdulillahi. Nikaanza kupumua.

"Na alimuuma wapi huyo kupe?" akauliza Bi Maimuna, kwa upole.

Naweza kumwona Mama hata kama palikuwa na pazia. Mbele yake shemeji yake, mbele yake baba yake Nassor, wanaume wawili wenye kofia na vikombe mikononi. Mwanamke wa kwetu angewezaje? Ulimi wake ulifanya ulichozoea kufanya maisha yake yote.

"Mguuni," akasema.

Bi Maimuna alikuwa amekwisha kuambiwa na Bi Rukia, neno kwa neno, ni wapi. Hakubisha. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani. Akasema, "Mungu amzidishie afya," na baada ya hapo mazungumzo yakawa ya hali ya hewa na bei ya unga, wakaaga. Kesho yake Mama alijitanda akaenda Kibokoni peke yake kumwambia ukweli wote, mwanamke kwa mwanamke. Alirudi upesi. Aliketi kitandani kwangu bila kuvua buibui na kunieleza alichojibiwa: "Bi Asha, jana ulikuwa mguu."

Posa ikavunjwa kwa maneno mazuri. Walituma wapagazi na mkokoteni kuchukua mbuzi wao, nami nikamchungulia uani yule jike mwekundu akivutwa huku akigoma mlangoni. Kwa kuwa nyumba yao haina uani, niliambiwa wamewafunga chini ya ngazi. Nassor hakuleta neno. Nilimngojea, sitasema uongo. Kila hodi ilinipandisha moyo. Sikuwahi kujua aliambiwa nini, lakini mtu asipoleta neno lolote amekwisha kuchagua la kuamini, na hilo liliniumiza kuliko homa. Nilianza tena kutoka nje kama watu wengine, nikaenda sokoni, na nilipopita barazani mazungumzo yalikatika kisha yakaendelea. Nilijifunza kutembea nikiangalia miguu yangu.

Kisha alasiri moja Mama na mimi tulikuwa uani tunachagua mchele, tukasikia hodi mlango wa nyuma, ule wa wauza maji. Alikuwa Bi Maimuna, peke yake, buibui lake limekaa upande. Hakukaa alipokaribishwa.

"Salma yuwaumwa," akasema.

"Homa?" Mama akauliza.

"Homa. Na kichwa. Amedungwa sindano zote, haishuki." Akashika mwimo wa mlango. "Nimemwosha leo asubuhi. Naye ana kile cheusi."

Niliacha mchele. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, neno moja fupi, na nilikuwa na haki nalo kuliko mtu yeyote Mombasa. Wapi? Nilitaka alitamke pale pale, mbele yetu. Nilitaka aone ladha yake. Nilimtazama Mama nikimsihi aulize, na Bi Maimuna naye alikuwa akingoja aulizwe, amekwisha kuinamisha macho, ameshajiandaa.

Mama akainuka, akakung'uta leso. Akamwelekeza chumba cha daktari, juu ya duka la vyungu, akamtajia jina la dawa, akamtaka alirudie mpaka likamkaa. "Mpe maji muno," akasema, "na mtoeni sakafuni. Pitia njia ya nyuma, hutaonekana."

Bi Maimuna akafungua mdomo. "Bi Asha, yale maneno..."

"Nenda, mtoto asizidi."

Akaenda. Salma alipona, na hakuna neno hata moja juu yake lililofika barazani. Lakini siku ile nililia kwa hasira, nikamuuliza Mama kwa nini hakumuuliza wapi, wakati mimi niliulizwa mbele ya wanaume. Alikwisha kurudi kwenye ungo wake. Alitoa chuya moja, akaitazama, akaitupa.

"Yule ni mtoto wa kike," akasema. "Kesho naye ataposwa."